Daktari wa Meno ya Skrubu

Pale chini ya Nyayo Highrise, mahali ghorofa zinapoishia na mabati ya Kibera yanapoanza, ukiuliza aliko daktari wa meno utaonyeshwa kibanda chenye mlango wa bluu. Ndani utamkuta mzee mrefu ameinama juu ya cherehani, miwani yake imefungwa kwa kamba ya viatu nyuma ya kichwa. Kama ni jino linalokuuma, umepotea. Yeye hutibu meno ya skrubu.

Meno ni ile mistari ya mzunguko iliyochongwa kwenye skrubu na ndani ya tundu lake, inayoshikana mpaka chuma kikatulia juu ya chuma. Mtu akikaza kupita kiasi, au akiingiza skrubu ikiwa imelala upande, meno hulika, na kuanzia hapo skrubu huzunguka tu bila kushika kitu. Mafundi wengi wakiona hivyo hukwambia utafute mashine nyingine. Mzee huyu aliipenda kazi hiyo kuliko zote, na watu wa mtaa wakampa cheo.

Cheo hicho kiliwahi kumletea mgonjwa wa kweli. Nilikuwa nimeketi pale nikingojea kazi yangu, akaingia mwanamume wa mjengo, saruji ingali kwenye viatu, shavu limevimba kama aliyeficha andazi mdomoni.

"Doki, nimeambiwa uko sawa kwa meno," akasema.

Mzee akamtazama, akatazama koleo iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka chini taratibu.

"Mimi natoboa kwanza, halafu naweka shaba. Utaweza?"

Yule mtu aliiona drili ikining'inia ukutani, akatoka bila kuaga. Nilicheka mpaka machozi. Lakini mzee hakucheka. Alimfuata nje, akamshika bega, akampeleka mwenyewe mpaka kliniki ya barabarani, akaniacha nikilinda kibanda na wateja wawili waliokuwa wakinung'unika. Aliporudi alisema tu, "Limeoza mpaka chini. Chuma haiozi hivyo," akarudi kwenye cherehani yake kana kwamba hakuna aliyengoja.

Mimi nilimjua kwa sababu ya shida, kama wateja wake wote. Mimi na Rispa, dada ya mume wangu, tunadarizi pale Kabiro, Kawangware: nembo za sweta za shule, majina ya kwaya kwenye mashati, maua kwenye vitambaa vya meza vya akina mama wa chama. Zamani tulifanya kwa mkono sebuleni kwangu, na watoto wakitaka kulala tulikuwa tunaondoa nyuzi kitandani kwanza. Kisha tukanunua mashine ya kudarizi iliyokwisha kutumika kwingine, yenye sindano nyingi na kioo kidogo cha kubonyeza, tukapangisha chumba cha mbele kwenye ploti moja karibu na njia ya kwenda Riruta. Siku ilipoingizwa mlangoni Rispa aliimba mpaka majirani wakaja kuuliza kama tumepata mtoto.

Mashine hiyo ina mkono wa chuma unaoshika fremu ya kitambaa na kuisogeza huku na huku chini ya sindano. Mkono wenyewe umefungwa kwa skrubu ndogo. Rispa ni mtu wa nguvu. Kila asubuhi alizikaza zile skrubu kama anayefunga mzigo wa kuni, kwa nia njema kabisa, ili kazi isitingishike. Asubuhi moja skrubu ikatoka na meno yote ya tundu yakiwa yamejisokota juu yake kama ganda la chungwa. Tuliirudisha, ikazunguka bure. Tukajaribu kushona hivyo hivyo. Tulikuwa na oda ya sweta za shule moja ya hapo Kawangware, ambayo nembo yake ni simba. Simba wa kwanza alitoka jicho likiwa nje ya kichwa. Wa pili alikuwa na mkia shingoni.

Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata. Mwalimu mkuu alikuwa ametupa kazi ile kwa kutuonea imani, akaziacha karakana kubwa za mjini, na kila mtu Kabiro alijua. Tukishindwa, hakuna shule nyingine ingetuletea hata kitambaa cha mkono. Rispa aliketi juu ya gunia la nyuzi akalia bila sauti. Ni mwanamume anayetuuzia nyuzi ndiye aliyetuambia, "Kuna mzee huko Kibera. Akishindwa yeye, basi hiyo kitu uzeni kwa wa skrapu."

Nilikwenda mchana ule ule, skrubu imefungwa kwenye leso. Mzee aliipokea, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya meno yake kama mtu anayesoma kwa kugusa, akaniuliza chuma cha mashine ni cha rangi gani na ni chepesi au kizito. Hakuniuliza mashine ni ya kampuni gani. "Wewe ni nyar wapi?" aliuliza badala yake, akitaka kujua mimi ni binti wa wapi. Nikamwambia kwetu ni Butere. Kuanzia siku hiyo sikuwa na jina lingine kwake: Nyar Butere.

Kesho yake alikuja Kawangware kwa miguu, mkoba wa ngozi begani. Hakutusalimia.

"Maji ya kunawa iko?"

Alinawa kwa sabuni mpaka viwiko, akajipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe, ndipo akaja kutushika mkono mmoja mmoja. Baadaye niliijua desturi hiyo. Hakugusa mtu wala mashine ya mtu kabla hajanawa.

"Nani hufunga hii?" akauliza alipoinama kwenye mashine.

Nilimtazama Rispa. Rispa akatazama dari.

"Ni mimi," akasema mwishowe.

"Leta mkono."

Akautoa. Mzee akaugeuza, akakibonyeza kiganja kama anayechagua parachichi sokoni.

"Mkono mzuri sana. Hii ni ya kulima. Hapa mnashona."

"Mzee, umekuja kutengeneza ama umekuja kutusi watu?"

"Nimekuja kufanya yote mbili," akasema, akavaa miwani.

Alilitanua tundu kwa drili ya mkono, polepole, akipuliza kila mara. Mimi na Rispa tulikuwa tumeshikana. Kumwangalia mtu akitoboa mashine uliyoililia miaka ni kama kumwangalia mtu akimnyoa mtoto wako kwa panga. Kisha akachukua tapi, kile kijiti cha chuma kigumu kinachochonga meno ndani ya tundu. Akaitia tone la mafuta taa, akaizungusha robo, akairudisha nyuma, akatega sikio, akaizungusha tena. Kila alipoirudisha, chembe za chuma cheupe zilianguka kwenye karatasi aliyokuwa ameitandaza ili zisiingie ndani ya mashine. Tundu lilipopata meno mapya, mapana kuliko ya kwanza, alitoa mfukoni kipande cha bolti ya shaba, kinene na kifupi. Usiku wa jana yake, kumbe, alikuwa amekitoboa katikati na kukichonga meno ya ndani yanayolingana na skrubu yetu. Akakizamisha kwenye tundu na gundi kidogo, akakikata kichwa kwa msumeno, akakipiga tupa mpaka kikawa sawa na chuma kilichokizunguka. Skrubu yetu ya zamani ilikuwa imepata nyumba mpya.

Hakuifunga mwenyewe. Alimpa Rispa bisibisi.

"Kidole na gumba tu. Si mkono, si bega. Endelea. Endelea. Sasa imefanya nini?"

"Imekataa."

"Haijakataa. Imefika. Hapo ndipo wewe hukosea. Kitu ikifika unafikiri imekataa, unaanza vita."

Nilimwona Rispa akizifunga na kuzifungua zile skrubu zote, moja moja, kwa kidole na gumba, midomo yake ikitikisika. Simba aliyetoka mchana ule alikuwa na jicho kichwani na mkia nyuma. Mzee alikataa kushukuriwa mpaka nembo nzima iishe, akasimama juu ya mashine mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, kisha akaomba chai. Siku ya kufungua shule nilisimama mlangoni nikawaona watoto wakipita na simba wetu vifuani, mmoja akimburuta mwenzake kwa mkono wa sweta, nikamwita Rispa aje aone. Alikuwa tayari nyuma yangu.

Tangu hapo nilimwendea mara nyingi, na kila mara nilikaa zaidi ya nilivyohitaji, kwa hiyo ninayajua mambo yake mengi madogo na machache makubwa. Sijui alizaliwa mwaka gani wala babake alikuwa nani. Najua mke wake yuko nyumbani upande wa ziwa, na kwamba walizungumza kwa simu kila jioni wakigombana juu ya mbuzi. Najua tapi zake alizihifadhi ndani ya soksi za watoto, kila moja na soksi yake, ili zisigusane na kupoteza makali. Skrubu zilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga yasiyo na alama yoyote, na bado mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kopo alilolitaka huku yeye akizungumza na mtu mwingine. Aliimba nyimbo za kanisa kwa Kijaluo kwa sauti iliyokosea kila mahali. Jirani yake, mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya kibanda, aliwahi kumwambia kwamba malaika huenda wanaziba masikio. "Waache wazibe," akasema. "Siimbi kwa ajili ya malaika."

Kwa chuma alikuwa na subira ya ajabu. Kwa watu, hata kidogo. Angeweza kukaa asubuhi yote akiitia mafuta skrubu moja iliyoshikwa na kutu, akiigonga kidogo, akiiacha inywe, akiirudia, na wakati huo huo amemfukuza mteja kwa kuuliza mara mbili kazi itaisha lini. "Nimesema ikiisha! Wewe ukipika maharagwe unayauliza?" Mteja akiondoka kwa hasira, mzee alimwambia mama wa omena, "Muite. Mwambie kesho asubuhi." Mama wa omena alinambia kazi yake pale ni mbili, kuuza samaki na kuwarudisha wateja wa mzee.

Mlango wake wa bluu ulikuwa aibu ya mtaa. Bawaba ya juu ilikuwa imeng'oka tangu siku ambazo hakuna anayezikumbuka, na ili kuufungua ulipaswa kuuinua kwa goti. Mtu aliyeweza kuweka meno ndani ya tundu dogo kuliko punje ya mchele aliinua mlango wake kwa goti kila asubuhi na kila jioni. Nilimuuliza sababu.

"Huo mlango haujaniletea malalamiko."

"Sisi tunalalamika."

"Nyinyi si mlango."

Mpira alisema ni kazi ya watu wasio na kazi. Lakini siku za mechi kubwa, kelele zikitoka kwenye ukumbi wa video wa karibu, aliweka chini bisibisi na kusema nani amefunga kabla mtu hajaja kumwambia, na nani alistahili kutolewa tangu kipindi cha kwanza. Sijawahi kumwona ndani ya ukumbi huo.

Alikuwa mtu wa Sabato, na hilo nalo lilitutia mashakani. Ijumaa moja mashine ilituangusha tena. Safari hii ilikuwa skrubu ya bamba la sindano, na mashati ya kwaya yalikuwa yanangojewa Jumapili asubuhi. Jumamosi nilimfuata kanisani, nikamngojea nje mpaka walipotoka, naye amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa.

"Fundi, ng'ombe ameanguka shimoni," nikamwambia, nikidhani nimempata kwa Biblia yake, inayoruhusu ng'ombe kutolewa shimoni hata siku ya Sabato.

"Ng'ombe alianguka ama mlimsukuma?"

"Ameanguka mwenyewe. Skrubu ya bamba la sindano imevunjika."

"Basi atangoja jua lishuke. Ng'ombe wa chuma hafi njaa." Halafu akaona uso wangu, akaongeza, "Mmeizima mashine? Skrubu iliyovunjika iko wapi? Umeiweka mahali iko safi?" Akaendelea kuniuliza maswali mpaka kiongozi wa kanisa akamtazama. Mzee akakohoa, akasema, "Mimi sijafanya kazi. Nimeuliza tu habari ya mgonjwa."

Jua lilipozama alikuwa mlangoni kwetu Kabiro, bado kwenye suti ile ile, mkoba begani. Alivua koti, akamkabidhi Rispa kama anayemkabidhi mtoto, akakunja mikono ya shati. Kwaya iliimba Jumapili na mashati yake, majina yote mahali pake.

Rispa na mzee hawakuacha kugombana. Mzee alimwita Jembe. Rispa alimwita Mzee Kisirani, mbele yake. Lakini akienda Kibera kwa shughuli nyingine alimpitishia mandazi, na mzee akija kwetu alikagua skrubu zake kwanza, kwa kidole na gumba, na akikuta zote ziko sawa hakusema kitu, akaguna tu. Rispa aliusubiri mguno huo. Nilikuwa namwona.

Kisha macho ya mzee yakaanza kufa.

Sikuligundua mapema, maana mikono yake ilijua mengi sana. Niliona anasogeza kazi karibu na uso, halafu karibu zaidi, halafu hakuangalia tena kabisa, akafanya yote kwa ncha za vidole. Siku moja tone la mafuta taa lilianguka kando ya tundu, akaendelea kuzungusha tapi ikiwa kavu. Mama wa omena ndiye aliyenieleza yaliyosalia. Mzee alikuwa amevunja tapi ndani ya mashine ya mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na tapi ikivunjikia ndani ya tundu ni tabu kubwa, kwa kuwa ni ngumu kuliko chuma kinachoizunguka. Aliichokoa siku nzima bila kula. Akaitoa. Kisha akafunga kibanda, na kesho yake hakufungua.

Nilimkuta chumbani kwake, nyuma ya kibanda, ameketi kitandani.

"Ni moshi," akasema. "Huyu jirani anapika kwa mkaa wa maji."

"Fundi, si moshi."

"Wewe ni daktari?"

Daktari wa kweli alikuwa amemwona tayari, kwenye kambi ya matibabu ya bure iliyopita Kibera. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa ameandikiwa kwenda hospitali kufanyiwa upasuaji. Hakwenda. Alipoulizwa alisema hana nafasi, baadaye akasema mke wake amekataa, na mama wa omena alipompigia mke yule simu akakuta hajaambiwa kitu. Mwishowe alisema kweli, huku ameelekea ukutani: "Wanatoboa jicho. Mtu akiwa macho. Mimi najua kutoboa ni nini. Mkono ukiteleza kidogo tu, basi."

Nilirudi Kawangware nikamwambia Rispa, naye akavua aproni akatoka bila kuzima hata pasi. Nilimfuata. Alipofika hakubisha hodi.

"Kisirani, amka."

"Jembe, toka kwangu."

"Siku ile ulichukua drili ukatoboa mashine yetu. Unajua sisi tulikuwa tunasikia nini? Mkono wako ungeteleza tungerudi kushona kwa taa ya koroboi. Tulikunyamazia. Hatukusema hata neno moja."

"Mashine haina roho."

"Sisi tulikuwa nayo."

Nje mama wa omena alikuwa ameacha kupigia wateja kelele, anasikiliza. Kisha mzee akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mtu anaweza kwenda na mtu?"

"Nitakaa hapo hapo," Rispa akasema. "Wakinikataza nitakaa mlangoni."

Walimkataza, akakaa mlangoni. Mimi nilikuwa kwenye benchi la ukumbini na koti la mzee la kijivu magotini, maana alikataa kwenda hospitali bila suti. Rispa alikuwa anasokota ncha ya leso yake kwa kidole na gumba. Haikuchukua muda kama nilivyoogopa. Walimtoa mzee akiwa kwenye kiti cha magurudumu, jicho limefungwa, akilalamika kwamba kiti kina gurudumu linalolia na hakuna anayelitia mafuta.

Asubuhi iliyofuata tulimrudisha kufunguliwa bendeji. Nesi alikuwa msichana mpole, akaibandua taratibu, akamwambia afungue jicho polepole. Mzee alilifungua. Alipepesa, machozi yakamtoka, akamtazama nesi kifuani kwa muda mpaka mimi nikaanza kuona haya.

"Msichana," akasema, "kifungo chako cha pili kinashikwa na uzi mmoja. Kinataka kuanguka."

Nesi aliangalia, akacheka, akakishika. Kweli. Rispa alikuwa na sindano na uzi mkobani, kama siku zote, akakishona pale pale, nesi amesimama wima. Mzee akamgeukia Rispa, akamwangalia uso wote, kwa makini, kama anayepima. Nilidhani atamtusi.

"Umekonda," akasema. "Ulikuwa unalala kweli?"

Rispa akasema ni vumbi limemwingia machoni, akatoka nje.

Jicho la pili lilifanywa baadaye, bila vita. Alipofungua kibanda tena alisimama katikati akazunguka polepole. Buibui walikuwa wamejenga kwenye kona zote, makopo yamepakwa mafuta meusi, kalenda ukutani ilikuwa ya zamani.

"Mbona hamkuniambia naishi hivi?"

"Tulikuambia," akasema mama wa omena.

"Hamkusema kwa nguvu."

Wiki hiyo alifagia, akaosha, akapaka rangi. Alirudi kazini, lakini si kama zamani. Alisema sasa kwa kuwa anaona, ameona amechoka. Siku hizi huchukua kazi anazozipenda tu, mashine zilizokataliwa na wengine, na mchana huketi nje juani. Sisi kwa upande wetu tulizidi kuwa na kazi. Tuliongeza mashine ya pili, Rispa akawa ndiye anayezitunza zote mbili, na skrubu zetu hazikuvunjika tena. Miezi ikapita bila mimi kukanyaga Kibera. Sikuwa na sababu. Hilo ndilo jambo lililonishtua siku moja nikiwa nakunja sweta, kwamba sikuwa na sababu, na kwamba nilikuwa nikimkosa.

Nilikwenda Jumapili ya juzi, baada ya kanisa, na mfuko wa njugu mbichi. Alikuwa kwenye kiti chake nje ya kibanda, miguu ameinyoosha, amevua viatu. Aliniona tangu nikiwa mbali, na hilo peke yake lilinifurahisha. Akaanza kuvaa viatu haraka haraka.

"Nyar Butere! Nini imeharibika?"

"Hakuna kitu, Fundi."

"Ile ya kwanza ama ile mpya?"

"Zote ziko sawa. Rispa anakusalimia sana."

"Skrubu ya bamba?"

"Iko sawa."

Alitazama mikono yangu, akatazama mfuko, akatafuta leso iliyofungwa kitu. Nilimpa njugu. Akazishika akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni.

"Kwa hivyo umekuja kufanya nini?"

"Kukuona."

Hakujua afanye nini. Mtu aliyechokoa tapi iliyovunjika siku nzima bila kula alibabaika kama bwana harusi. Aliingia ndani akatoka na kigoda, akakipangusa kwa mkono, akakiona hakifai, akarudi akaleta kiti chake kizuri. Alimwita mama wa omena alete chai, kisha akamwambia iwe ya maziwa mengi, kisha akamwambia na yeye aje akae. Tulikaa watatu. Tulimenya njugu tukatupa maganda chini, na mama wa omena akatusimulia mtoto wa dada yake aliyefaulu mtihani. Watoto walikuwa wakicheza kati yetu na reli inayopita pale karibu. Mzee aliniuliza kama Butere mvua imenyesha. Aliniuliza mume wangu hupenda kula nini, na kama mama yangu bado yuko, na kama bado anatembea vizuri. Miaka yote ile hatukuwahi kuzungumza jambo ambalo halikuwa limevunjika mahali fulani. Nilimwambia juu ya goti la mama, na juu ya mti wa mapera ambao babangu aliukata kwa hasira akaulilia, na mzee akacheka mpaka akavua miwani.

Jua lilipoanza kushuka nilisimama kuaga. Alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo si desturi yake. Nilimwambia nitakuja tena tukipata shida yoyote na mashine.

"Hapana," akasema. Alikuwa bado ameshika njugu chache kwenye kiganja, akazitia mkononi mwangu. "Kuja tu hivyo hivyo."

Akageuka, akarudi polepole, mikono nyuma, akianza wimbo ambao aliukosea tangu neno la kwanza.